Tezi ya Shingo kwa Watoto Wenye Maradhi ya Mafigo

Mtoto ambaye mafigo yake yameharibika aghalabu huwa mfupi kuliko wenzi wake wa umri mmoja, mchovu, mweupe wa kope kwa kupungukiwa na damu, mkavu wa ngozi, mzito wa choo na mwepesi wa kuhisi baridi. Na mtoto ambaye tezi yake ya shingo imelegea, tezi ile ambayo vitabu vya elimu ya viumbe huiita dundumio, naye huwa na sifa hizo hizo, moja baada ya nyingine. Kwa kuwa dalili za maradhi haya mawili zimefanana kiasi hiki, tabibu aliyekwisha kuthibitisha moja huridhika nalo, akalihesabu kuwa ndilo sababu ya yote ayaonayo, na la pili likapita mbele ya macho yake bila ya kuulizwa. Hilo ni kosa la kwanza. Kosa la pili ni kinyume chake, nalo ni kupima damu ya mtoto mwenye figo bovu, kuona kwamba homoni ya tezi imepungua, na papo hapo kumwandikia dawa ya kumeza maishani, ilhali tezi yenyewe ni nzima na inafanya kazi kwa kadiri ya uwezo wake wote. Rai yangu mintarafu ya jambo hili ni kwamba tarakimu moja iliyopungua katika karatasi ya maabara yaweza kuwa na asili nne au tano zisizofanana hata kidogo, na kwamba dawa iliyo wajibu kwa asili moja huwa haina maana kwa nyingine.

Ili tuzitenge asili hizo hatuna budi kwanza kujua figo yaifanyia tezi kazi gani, kwani watu wengi hudhani kwamba viungo hivi, kimoja kikiwa shingoni na kingine kiunoni, havijuani. Tezi hutengeneza homoni zake kwa madini joto, yaani iodini, na iliyo nyingi katika hizo ni thairoksini, ambayo huitwa T4 kwa kuwa imebeba chembe nne za madini hayo. Lakini homoni yenye nguvu ya kuamrisha seli za mwili ni T3, ambayo sehemu yake kubwa haitoki katika tezi, bali hupatikana katika ini, mafigo na viungo vingine kwa kuipunguzia T4 chembe moja. Mafigo pia ndiyo yatoayo takriban sehemu tisa katika kumi za iodini tunayokula, ikatoka na mkojo. Na ndiyo yazuiayo protini za damu zisitoke pamoja na mkojo huo. Juu ya yote iko tezi ndogo chini ya ubongo, pituitari, ambayo hutoa homoni ya amri, TSH, ikaiongeza kila inapoona kwamba tezi ya shingo imezembea. Figo likiharibika, basi, kazi zake hizo tatu huharibika kila moja kwa njia yake: kuzuia protini, kutoa iodini, na kusaidia kuigeuza T4 kuwa T3.

Tuanze na protini, maana hapo ndipo watoto wengi walipo. Thairoksini haitembei katika damu peke yake. Zaidi ya sehemu 99 katika kila 100 hubebwa na protini maalumu, na ile iliyo huru, ambayo ndiyo ifanyayo kazi, haifiki hata moja katika elfu. Lau tungeifananisha thairoksini na shehena, protini hizo zingekuwa majahazi, na T4 huru ingekuwa bidhaa iliyokwisha kushushwa pwani na kuingia sokoni. Katika maradhi ya nefrotiki chujio la figo huvuja, mtoto akatoa protini nyingi katika mkojo, uso wake ukavimba asubuhi kandokando ya macho, kisha miguu na tumbo. Na katika protini zinazopotea yamo majahazi hayo na shehena yake. Tabibu akipima T4 yote kwa jumla ataiona imepungua sana, naye akidhani kwamba soko ni tupu atakuwa amehesabu majahazi badala ya bidhaa, kwani T4 huru kwa watoto wengi wa namna hii huwa katika kiwango chake au karibu nacho. Kwa hiyo maabara ikipima T4 ya jumla bila ya kupima ile iliyo huru na TSH pamoja nayo, kipimo hicho kwa mtoto wa nefrotiki ni heri kisingalifanywa.

Mtoto wa kawaida wa maradhi haya, ambaye umri wake aghalabu ni baina ya miaka 2 na 6, hupewa prednisoloni, na katika majuma machache mkojo wake husafika, protini zikarudi, na hesabu za tezi zikarudi nazo bila ya dawa yoyote ya tezi. Lazima ikumbukwe tena kwamba prednisoloni yenyewe, ikitolewa kwa kipimo kikubwa, huishusha TSH na kupunguza T3, hata kipimo cha tezi katika siku hizo huwa na mikono mingi iliyokigusa. Sioni sababu ya kumtoza mzazi gharama ya kipimo cha tezi katika shambulio la kwanza la mtoto ambaye yatarajiwa atapona kwa mwezi mmoja.

Mambo hubadilika kwa mtoto ambaye dawa hiyo haimfai, akaendelea kuvuja kwa miezi na miaka. Afrika ya Mashariki ina historia yake katika sura hii: katika miaka ya 1960, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Kibukamusoke na wenziwe waliihusisha nefrotiki ya wagonjwa wengi wa Uganda na malaria ambayo homa yake hurudi kila baada ya saa 72, ile ya Plasmodium malariae, na wagonjwa hao hawakuwa wakipata nafuu kwa dawa za jamii ya kotizoni kama wapatavyo watoto wa Ulaya. Uvujaji wa muda mrefu namna hiyo hauichukui shehena ya siku moja tu. Huilazimisha tezi kutengeneza maradufu kila siku kufidia kinachopotea, mpaka ifike hali ambayo haiwezi tena, TSH ikapanda na T4 huru nayo ikashuka. Ndiyo maana jumuiya ya kimataifa ya mabingwa wa figo za watoto, katika maelekezo yake ya mwaka 2020 juu ya nefrotiki isiyosikia dawa, iliitaja tezi miongoni mwa mambo ya kupimwa na kutibiwa.

Lakini mahali ambapo jambo hili limeonekana wazi kuliko pote ni Finland. Mwaka 1956 Niilo Hallman na wenziwe walieleza maradhi ya watoto wachanga wa nchi ile ambao huzaliwa kabla ya miezi kutimia, kondo la nyuma likiwa kubwa kupita kiasi, nao huanza kuvuja protini tangu tumboni mwa mama zao. Mtoto mmoja katika kila 8,000 hadi 10,000 wanaozaliwa huko huzaliwa nayo, na katika zama za kwanza wote walikufa wangali wachanga. Mwaka 1998 kundi la wanachuoni lililoongozwa na Karl Tryggvason liligundua kasoro yenyewe, kwamba ni jeni ya protini iitwayo nefrini, ambayo ndiyo ishikayo mwanya wa mwisho wa chujio la figo; mtoto asiyekuwa na nefrini ana chujio lisilokuwa na kizuizi. Watoto hawa hupoteza protini nyingi mno, na thairoksini hupotea kwa wingi huo huo, katika umri ambao ubongo unajengwa na hauwezi kungoja: miaka mitatu ya kwanza ya maisha ndiyo ambayo ukosefu wa homoni ya tezi huacha upungufu wa akili usiorudishika. Kwa sababu hiyo madaktari wa Helsinki walifanya ada ya kuwapa watoto hao thairoksini tangu mwanzo, pamoja na albumini ya kutiwa katika mshipa na chakula chenye nguvu nyingi, wakiwakuza hadi kilo saba hivi. Kisha huyatoa mafigo yote mawili, wakamsafisha mtoto damu kwa njia ya tumbo, na baadaye wakampandikiza figo jingine.

Hapo hutokea jambo ambalo kwangu ni hujja kubwa kuliko zote katika mada hii. Mtoto anapotolewa mafigo yake yaliyokuwa yakivuja, akabaki hana figo hata moja na anaishi kwa mashine, tezi yake ya shingo hutengemaa, na wengi huachishwa thairoksini bila ya madhara. Ithibati gani tena yahitajiwa kwamba tezi ilikuwa nzima siku zote? Haikuugua, ila ilikuwa ikinyang'anywa. Walakini uzima wake haukumfaa mtoto kitu maadamu kazi yake yote ilimwagika katika mkojo, na lau matabibu wangalisema kwamba tezi nzima haihitaji dawa, watoto wale wangalipona figo na kubaki mapunguani. Katika mtoto mchanga, basi, swali la kuuliza ni kama ubongo unapata homoni ya kuutosha. Swali la kama tezi ni mgonjwa au si mgonjwa laweza kungoja.

Fauka ya hayo kuna mtego. Tangu Jean Dussault alipoanzisha katika jimbo la Quebec, mnamo mwaka 1974, upimaji wa tezi kwa kila mtoto mchanga kwa tone la damu ya kisigino, nchi nyingi tajiri zimeufuata, na huko mzazi huambiwa kwamba mwanawe amepimwa na hana neno. Lakini mtoto wa nefrotiki ya kuzaliwa yawezekana TSH yake ikawa ya kawaida katika siku zile za kwanza, ikapanda majuma kadhaa baadaye, uvujaji ukiwa umeizidi nguvu tezi. Kipimo cha kisigino hakimtoshi. Katika nchi zetu, ambako upimaji huo haujawa ada ya kila hospitali, mtego huo haupo kwa sababu kipimo chenyewe hakipo, na hilo si jambo la kujivunia. Nami niongeze, kwa kuwa kasoro ya nefrini si asili pekee, kwamba nefrotiki ya miezi mitatu ya kwanza yaweza kuletwa na kaswende aliyoirithi mtoto kwa mamake, ambayo hutibika kwa penisilini. Na ni msiba mkubwa kumpa mtoto huyo kila dawa isipokuwa hiyo.

Asili ya pili ni kinyume cha upungufu, nayo ni wingi wa iodini. Mwaka 1948 Wolff na Chaikoff, wakifanya majaribio yao kwa panya katika chuo kikuu cha Berkeley, walionyesha kwamba tezi ikijaziwa iodini ghafula huacha kutengeneza homoni. Mtu mzima mwenye siha hujinasua baada ya siku chache; mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa njiti, hana ustadi huo bado. Sasa mweke mtoto huyo katika hali ya figo lisilotoa mkojo, ambalo ndilo lango la kutolea iodini, kisha msafishe damu kwa njia ya tumbo, na kila siku upake dawa ya iodini mahali mpira unapoingilia au katika vifuniko vya mipira yenyewe: iodini huingia na haina pa kutokea. Watoto wamelegea tezi kwa sababu hiyo, na wengine walipona kwa kubadilishiwa tu dawa ya kusafishia. Hali kadhalika dawa ya iodini itiwayo katika mshipa kabla ya picha za mionzi. Mwezi Machi 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri kwamba mtoto wa miaka mitatu au chini yake aliyetiwa dawa hiyo apimwe tezi katika majuma matatu. Kubadilisha dawa ya kusafishia ni tiba isiyogharimu chochote, ila kumbukumbu ya muuguzi.

Kwetu, hata hivyo, habari ya iodini ina upande wa pili ambao vitabu vya Ulaya havina haja nao. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, Mbeya, Iringa na Rukwa, zilijulikana kwa rovu zamani, na katika miaka ya 1980 na 1990 watu wa huko waligawiwa vidonge vya mafuta ya iodini kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Watu wa pwani walijiona wako salama kwa samaki wao. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba upungufu wa madini hayo ulikuwa bado upo katika visiwa vya Zanzibar, na Pemba kuzidi Unguja, ijapokuwa visiwa hivyo vimezungukwa na bahari pande zote. Mtoto wa nefrotiki anahitaji iodini zaidi, kwa kuwa tezi yake yafanya kazi ya kufidia. Na mtoto huyo huyo ndiye tunayemkataza chumvi, ambayo ndiyo iliyobeba iodini, ili asivimbe. Katazo ni la haki na sithubutu kulipinga. Nasema tu kwamba ile chumvi kidogo aliyoruhusiwa iwe ya pakiti yenye madini joto, wala isiwe chumvi ya mawe ya kupimiwa kwa kopo, na neno hilo ni wajibu wa anayetoa katazo kulisema papo hapo.

Asili ya tatu ndiyo inayowadanganya matabibu wengi. Figo linapochakaa polepole, pasina kuvuja kwingi, mwili hupunguza kuigeuza T4 kuwa T3, na kipimo kikaonyesha T3 ya chini, T4 ya kawaida au chini kidogo, na TSH ya kawaida au iliyopanda kidogo, baina ya 5 na 10 katika vipimo vya kawaida vya maabara. Hali hii haikuletwa na ugonjwa wa tezi; mwili uliochoka unabana matumizi. Kumpa mtoto huyu homoni ili kupendezesha karatasi ni kumwongezea moyo mbio na kuiharakisha mifupa yake, ambayo figo limekwisha kuidhoofisha, ifunge kabla ya wakati. Dawa yake ni chakula cha kutosha, damu ya kutosha, usafishaji wa damu ulio mzuri, na figo jipya likipatikana. Kinachotakiwa ni kurudia kipimo baada ya majuma kadhaa, damu ikitolewa kabla ya mtoto kuunganishwa na mashine, kwani hepirini itumikayo humo huipotosha hesabu ya T4 huru. Ikiwa TSH yazidi kupanda kupita 10, au T4 huru yashuka, hapo shauri huwa jingine.

Ya nne ni nadra, walakini inatufunza. Katika sistinosisi, maradhi ya kurithi ambayo jeni yake ilijulikana mwaka 1998, mwili hushindwa kuitoa sistini katika seli zake, ikajikusanya humo kwa chembechembe na kuviharibu viungo, mafigo kwanza na tezi baada yake, hata wengi wa watoto hao hulegea tezi kabla ya kubalehe. Hapa figo jipya haliiponyi tezi. Mtoto hupandikizwa, figo likafanya kazi vizuri, na tezi ikaendelea kufa kwa kasi ile ile, isipokuwa ameze kila siku dawa ya sisteamini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1994, ambayo huiondoa sistini. Mweke mtoto huyu kando ya yule wa Finland: karatasi zao za maabara zaweza kulingana tarakimu kwa tarakimu, na mmoja ataacha dawa figo litolewapo, mwingine hataiacha kamwe.

Njia nayo haiendi upande mmoja tu. Tezi iliyolegea hupunguza mbio za damu kuingia katika mafigo, na kreatinini, taka ipimwayo katika damu ili kujua hali ya figo, ikapanda, hata mtoto mwenye tezi mbovu na mafigo mazima akaandikwa kuwa mgonjwa wa figo. Akipewa thairoksini, kreatinini hushuka. Uvimbe wake nao hupotosha, ingawa wenye kidole chepesi huweza kuutambua: uvimbe wa nefrotiki ukibonyezwa huacha shimo, na ule wa tezi aghalabu hauachi. Kuna pia watoto waliozaliwa na hitilafu katika viungo vyote viwili, kwa sababu jeni ya PAX8 hushiriki katika kuumba tezi na figo pamoja; kuna wasichana waliozaliwa na hali iitwayo sindromu ya Turner, ambao huwa na mafigo ya umbo lisilo la kawaida na kinga inayoishambulia tezi; na kuna dawa ya kutuliza tezi yenye kasi, propilithiourasili, ambayo mara chache huamsha uvimbe wa mishipa midogo ya figo. Hayo nayapita, kwa kuwa kila moja lina daktari wake bingwa.

Panapothibitika kwamba dawa ni lazima, levothairoksini ni kidonge rahisi na cha kale, lakini kumpa mtoto wa figo ni kazi yenye hadhari. Mtoto huyo hunywa kalisi ya kufunga fosfeti, hunywa madini ya chuma, na vyote viwili huishika homoni tumboni isiingie katika damu. Kwa hiyo ni lazima zitengane kwa saa nne hivi, na homoni inywewe tumbo likiwa tupu. Nadhani nusu ya kesi ambazo husemwa kwamba dawa haifanyi kazi zingeisha kwa kumuuliza mama, kwa upole na bila ya kumtia hatiani, anampa mwanawe kidonge kipi saa ngapi. Na mtoto asiyekua apimwe tezi kabla ya kufikiriwa homoni ya kukuza, ambayo bei yake ni kubwa na ambayo haikuzi mtoto ambaye tezi yake imelala.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Mtoto wa nefrotiki ya kwanza anayepata nafuu kwa prednisoloni aachwe na tezi yake. Mtoto aliyeanza kuvuja protini kabla ya kutimiza miezi mitatu apimwe T4 huru na TSH siku ile ile anapogunduliwa, arudiwe mara kwa mara, na asicheleweshewe dawa hata kidogo. Mtoto anayevuja kwa muda mrefu, mwenye sistinosisi, anayesafishwa damu kwa njia ya tumbo, au ambaye kimo chake kimesimama, apimwe kwa zamu. Na kila mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana tezi iliyolegea amwulize daktari wake maswali mawili: homoni iliyopimwa ni ya jumla au ni ile iliyo huru, na dawa hii itaangaliwa upya lini.